Mia Nane

Simu kumi na moja zimelala mezani kifudifudi,
kama wanafunzi walioambiwa wasitazamiane.
Mbili vioo vimepasuka. Tulizinunua hivyo hivyo, Kariakoo, mtaa wa Aggrey,
kwa kuwa ndizo watu wetu wanazoshika.
Ombeni amezipa namba kwa utepe mweupe.
Namba saba hupata moto upesi.
Namba nne betri yake haina msimamo,
nayo ndiyo tunayoiheshimu:
programu ikipita namba nne, itapita popote.

Ghorofa ya tatu, Kijitonyama, juu ya duka la vigae,
tunajenga mtandao mbovu.
Si kazi ya mchezo.
Ubovu wa mitaani huja utakavyo,
wetu sharti uwe na vipimo.
Katikati tumeweka kompyuta, iketi kama karani wa forodha,
ikague kila kipande cha sauti:
hiki ikipitishe, hiki ikicheleweshe,
hiki ikitupe bila kumwambia mwenyewe.
Namba mbili tumeitia ndani ya sufuria, tukafunika,
tuone sauti itatokaje.
Ilitoka. Inanuka vitunguu, alisema Ombeni.

"Haloo. Haloo, unanisikia?"
Nimelisema tangu asubuhi mara mia mbili na kumi.
Muuza chapati wa chini ameniuliza
kama mchumba amenikimbia.

Ongeza ucheleweshaji.
Milisekunde mia, hakuna anayejua.
Mia mbili, watu wanaanza kusema pamoja,
sema wewe, hapana, sema wewe.
Mia nne, mwenzako anaonekana ana maringo.
Mia sita, amenuna.
Mia nane:
muulize mtu kama anakupenda, kwa mia nane,
hata malaika atajibu kama mwongo.

Ombeni alicheka, akaandika kwenye jedwali: 800, haifai.
Mimi nilijifanya natafuta chaja.

Mwezi wa tatu Ambakisye alipiga kutoka Guangzhou,
kwake usiku wa manane, kwetu magharibi, bando langu likiwa ukingoni.
Akauliza, hela ya bati imetosha?
Nikasema imetosha.
Akauliza, na mama, ule mguu?

Nikanyamaza.

Mtandao siku ile ulikuwa maji ya mtungini,
nilisikia hata feni yake ikikwaruza.
Lakini kooni lilikuwepo neno "wameukata,"
na mama, pale kitandani Muhimbili,
alikuwa amenikataza, kwa kidole tu.
"Haloo? Tumpale? Haloo? Aa, huo mtandao wenu wa Dar!"
Nami nikadaka:
"Ndiyo kaka, mtandao. Unakatakata."
Nao mtandao ukabeba lawama, haukujitetea.

Saa kumi na moja umeme ulikwenda.
Feni ikapunguza mwendo, ruta ikafumba macho yake ya kijani,
Ombeni akapiga makofi: jaribio la bure!
Simu zikahamia kwenye laini, moja moja, katikati ya mazungumzo.
Tisa zikavuka.
Mbili zikaangusha sauti njiani.
Namba nne ikavuka, imebakiwa na asilimia sita.

Jedwali letu lina safu ya mwisho: sababu ya ukimya.
Tumeorodhesha. Kipande kimepotea. Salio limekwisha.
Betri. Mnara. Kipaza sauti kimezibwa na shavu.
Nimeongeza mstari mmoja chini kabisa:
"Anasikia vizuri."
Huo wa nini, akauliza Ombeni. Haupimiki. Ufute.

Sijaufuta.
Ameshuka kutafuta mafuta ya jenereta,
nimebaki na simu kumi na moja gizani,
na namba nne mkononi, ina joto kama kifaranga.
Umeme ukirudi nitairudisha kompyuta kwenye sifuri,
asipotee hata punje ya sauti,
kisha nimpigie Ambakisye.